MARADHI YA KUTETEMEKA: KUTOKA BARABARA ZA LONDON HADI VIJIJI VYA HAI

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Mkoa wa Mara. Limepigwa chapa kama lilivyosomwa na Ofisa wa Elimu.

Nawaamkia wa Etaro, wa Majita, wa Bunda na wa Butiama, na zaidi nawaamkia wanafunzi wa kisiwani Rukuba, kwa kuwa mifano mingi ya leo nimeitafuta kwao: mtumbwi, nyavu, dagaa na kasia.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu kwa herufi kubwa. La kwanza, KUTETEMEKA. La pili, UBONGO. La tatu, JIRANI. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili, kisha tuanze.

Somo letu ni la historia. Mmezoea kusikia historia ya machifu, ya Wajerumani na Waingereza, na ya Uhuru. Leo tutasoma historia ya ugonjwa mmoja. Ugonjwa nao una historia yake, maana kuna mwaka mtu wa kwanza aliueleza vizuri kwa maandishi, kuna mwaka dawa yake ilipatikana, na kuna mwaka wagonjwa wake walihesabiwa katika nchi yetu. Miaka hiyo imeachana sana, kama mtakavyosikia.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Mfikirieni mzee mmoja, fundi wa kushona nyavu, anayejulikana mwaloni kote. Mkono wake mmoja, mmoja tu, unaanza kutetemeka akiwa ameuweka gotini bila kazi. Kidole gumba na kidole cha shahada vinasuguana kana kwamba anasokota uzi. Akishika sindano ya nyavu, mtetemo unapungua; akiiweka chini, unarudi. Baada ya miezi au miaka anakuwa mzito wa kuinuka kitini. Anatembea kwa hatua fupi fupi, ameinama mbele, na mkono mmoja haubembei. Sauti yake inashuka. Uso wake hautabasamu hata akisikia jambo la kuchekesha, na wenzake wanadhani amenuna, kumbe moyoni anacheka nao. Tena ninyi mnaojifunza kuandika, sikilizeni hili: herufi zake zinaanza kubwa mwanzo wa mstari, halafu zinapungua, zinapungua, mpaka mwisho wa mstari zimekuwa ndogo kama sisimizi.

Je, watu watasemaje? Wa kwanza atasema, "Ni uzee tu." Wa pili atasema, "Amelewa." Wa tatu atashusha sauti na kusema, "Amerogwa," au vibaya zaidi, "Huyu mwenyewe ndiye mchawi." Katika kanda yetu ya Ziwa neno hilo la tatu si la mzaha. Wazee, hasa akina bibi, wamepata kupigwa na hata kuuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Kwa hiyo kujua jina la kweli la ugonjwa wa jirani yako si elimu ya kujipambia.

Jina lake ni ugonjwa wa Parkinson. Mwalimu aliandike. Ni jina la mtu.

James Parkinson alizaliwa tarehe 11 Aprili 1755 katika mtaa wa Hoxton, London. Alikuwa daktari wa mtaani, akitibu watu wa kawaida. Alipenda pia siasa ya kutetea wanyonge, na alikusanya mawe yenye mabaki ya viumbe vya kale. Mwaka 1817, akiwa amekwisha pita miaka 60, alipiga chapa kitabu kidogo cha kurasa 66 juu ya maradhi aliyoyaita kupooza kwa kutetemeka. Humo alieleza habari za watu 6.

Hapa ndipo ninapopapenda katika habari hii. Kati ya watu hao 6, watatu hakuwapata katika chumba chake cha matibabu. Aliwaona barabarani. Aliona namna mtu anavyokwenda, akaangalia mara ya pili. Wawili kati yao alizungumza nao. Mmoja alimtazama kwa mbali tu. Daktari huyu hakuwa na mashine ya kupima ubongo. Mashine kama hizo hazikuwako duniani. Alikuwa na macho, akayatumia kwa watu ambao wengine walikuwa wakiwapita kila siku.

Kitabu chake hakikuvuma. Parkinson alifariki mwaka 1824, na ilipita miaka mingi kabla ya daktari mkubwa wa Ufaransa, Jean-Martin Charcot, kukifufua. Charcot alifanya kazi Paris katika hospitali ya Salpêtrière, ambamo wazee wengi walikuwa wakiishi, basi aliweza kumwangalia mgonjwa mmoja kwa miaka. Aliona mambo mawili. Kwanza, misuli ya mgonjwa haikosi nguvu kama ya mtu aliyepooza. Inachelewa na kukaza tu, basi neno "kupooza" halifai. Pili, wako wagonjwa wasiotetemeka kabisa. Likumbukeni hilo la pili, maana jina letu la "ugonjwa wa kutetemeka" linaweza kutupoteza. Charcot akataka ugonjwa uitwe kwa jina la Parkinson, na hivyo ndivyo unavyoitwa hadi leo.

Wagonjwa wa Charcot walimwambia neno la ajabu. Walisema kwamba wakisafiri safari ndefu kwa garimoshi au kwa gari la farasi, wakitikiswa njia nzima, wanashuka wakiwa na nafuu. Yeye hakuwacheka. Akaagiza kiti cha kutikisika, mgonjwa akae humo kila siku, na mwaka 1892 aliwafundisha wanafunzi wake habari za kiti hicho. Mwaka uliofuata akafariki. Mwaka 2012 madaktari wa Chicago, Marekani, walitoa habari za jaribio lao jipya. Wagonjwa wengine waliketi katika kiti kinachotikisika, wengine katika kiti kama hicho kisichotikisika. Wote walipata nafuu, na nafuu yao haikutofautiana! Yaani mtikiso haukuwa dawa. Kukaa mahali pa utulivu na kushughulikiwa kila siku kulifanya kazi yake.

Sasa tuingie ndani ya ubongo. Chini katikati ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi. Chembe zake hutengeneza kitu kiitwacho dopamini, ambacho husaidia kupeleka habari za mwendo. Ninyi wa Rukuba mtafahamu upesi. Habari na mizigo kutoka Musoma huja kwa mashua. Mashua zikiwa kumi, mambo yanafika kwa wakati. Zikibaki nne, kisiwa bado kipo, watu wapo, Musoma ipo, lakini kila kitu kinachelewa. Ndivyo alivyo mgonjwa wa Parkinson. Miguu ipo, nia ipo, lakini ujumbe wa kusema "inuka, tembea" unachelewa njiani. Dalili zinapoonekana wazi, sehemu kubwa ya chembe hizo imekwisha kufa, na sababu ya kufa kwake haijatambuliwa yote mpaka leo.

Habari za dopamini zilianza kufahamika miaka ya 1950. Mwaka 1957 Arvid Carlsson, mtaalamu wa Uswidi, alitangaza jaribio lake na sungura. Aliwapa sungura dawa ya kuondoa dopamini, nao wakalala bila kujongea, masikio yameanguka. Kisha akawapa kitu kiitwacho levodopa, ambacho mwili hukigeuza kuwa dopamini. Baada ya muda mfupi sungura wakainua masikio, wakaanza kwenda. Mwaka 2000 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake. Mwaka 1960, Oleh Hornykiewicz na mwenzake huko Vienna walitangaza kwamba walipima ubongo wa watu waliokufa na ugonjwa wa Parkinson, wakaona dopamini imepungua vibaya. Mwaka 1961 wagonjwa wa Vienna walidungwa sindano za levodopa, na wengine ambao hawakuweza kuinuka waliinuka, ingawa kwa muda tu. Ndipo George Cotzias huko New York, mwaka 1967, akaonyesha namna ya kuwapa watu levodopa kwa mdomo, kidogo kidogo, kiasi kikipanda polepole, mpaka nafuu ikadumu. Baadaye ikachanganywa na dawa nyingine, kabidopa, ili mgonjwa asipate kichefuchefu kingi. Mchanganyiko huo umo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za lazima.

Dawa hii haiondoi ugonjwa. Humrudishia mtu mwendo wake kwa miaka, na hiyo si zawadi ndogo.

Mwalimu, andika ubaoni: 1967 toa 1817. Wanafunzi wajibu. Naam, 150. Ilichukua miaka 150 kutoka kitabu cha Parkinson mpaka kidonge.

Nikitaja levodopa, lazima nitaje upupu. Nani hajui upupu? Mtoto yeyote wa shamba amewahi kujikuna kwa ajili yake. Basi mbegu za upupu zina levodopa ndani yake. Wataalamu wa Bara Hindi waliitambua humo mwaka 1937, na waganga wa kale wa huko walikuwa wakizitumia mbegu hizo kwa watu wanaotetemeka tangu zamani sana. Lakini nawasihi, asitoke mtu hapa akaenda kumchemshia babu yake upupu. Kiasi cha dawa ndani ya mbegu hakilingani. Mbegu hii ina nyingi, ile ina kidogo, na ikizidi humtapisha mtu, humshusha damu mpaka akaanguka, au humfanya aone vitu visivyokuwapo. Madaktari wa nchi mbalimbali wameupima upupu kwa utaratibu, na kazi hiyo tuwaachie wao.

Tumefika nyumbani. Wilaya ya Hai iko mkoani Kilimanjaro, chini ya mlima. Tangu miaka ya 1990 watu wa vijiji vyake walikuwa wakihesabiwa mara kwa mara kwa ajili ya elimu ya afya. Basi madaktari wa Kitanzania na wa Kiingereza wakapanga kutafuta wagonjwa wa Parkinson kwa njia hiyo. Hawakukaa hospitalini kuwasubiri. Wahesabuji, ambao ni wenyeji wa vijiji hivyo, walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza maswali: Je, yupo hapa mtu ambaye mikono yake hutetemeka? Yupo ambaye mwendo wake umekuwa wa polepole? Kila aliyetajwa, daktari alikwenda kumwangalia.

Hesabu ilifungwa tarehe 1 Januari 2006. Watu waliokuwa katika vijiji hivyo walikuwa 161,071. Waliopatikana na ugonjwa wa Parkinson walikuwa 33, wanaume 23 na wanawake 10, wengi wao wazee. Sasa sikilizeni neno lililo zito kuliko yote katika somo hili. Zaidi ya robo tatu ya watu hao hawakuwa wamepata kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana ugonjwa huu. Walikuwa wakitetemeka miaka mingi, wakianguka, wakikaa ndani, wakati dawa ilikwisha kupatikana duniani tangu 1967.

Tufanye hesabu kidogo. Watu 33 kati ya 161,071 ni kama watu 20 katika kila laki moja. Mkoa wetu wa Mara, kwa Sensa ya mwaka 2022, una watu zaidi ya laki ishirini. Tukikichukua kipimo cha Hai na kukitumia hapa, mwalimu aandike: 20 mara 20. Ni 400. Watu 400 kati ya Tarime na Bunda, kati ya Serengeti na visiwa vya ziwa. Mnawafahamu wangapi? Watu wakizidi kuishi miaka mingi, hesabu hiyo itapanda. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba wagonjwa ni zaidi ya milioni 8 na nusu.

Baada ya hesabu ya Hai wagonjwa walipewa vidonge vya levodopa na kabidopa, na madaktari wakawafuatia kwa miaka mitatu. Wataalamu wengine walikwenda kuketi na wagonjwa, watunzaji wao, wauguzi na waganga wa jadi, wakawauliza maisha yao yakoje. Habari hizo zilipigwa chapa mwaka 2011. Wengi hawakujua ugonjwa wao unaitwaje. Waliuita tu ugonjwa wa kutetemeka. Wengine hawakujua kwamba una dawa. Walisema habari za aibu, za kujitenga na watu, na za kutegemea jamaa kwa kila kitu. Na waliojua dawa walilalamika kwa bei yake. Nadhani hata darasa hili likiulizwa leo, majibu hayatakuwa mbali sana na hayo.

Ng'ambo ya ziwa letu, nchini Uganda, kuna chama ambacho jina lake peke yake ni somo zima. Kinaitwa Parkinson's Si Buko Uganda. Katika Buganda, kwa desturi ya zamani, mume hagusani na mama mkwe wake. Watu waliamini kwamba anayevunja mwiko huo hupatwa na obuko, ndiyo kusema mtetemeko wa mwili. Hebu fikirini basi hali ya bibi mzee ambaye mkono wake unaanza kutetemeka. Kabla hajafungua mdomo, majirani wamekwisha mhukumu kwa dhambi ya ukwe! Hannington Kabugo, ambaye mama yake mzazi alipata maradhi haya, alianzisha chama hicho na kukipa jina la kuikana hukumu hiyo. Neno "si" kwa Kiganda na kwa Kiswahili ni moja, kwa hiyo hatuhitaji mkalimani. Parkinson si obuko. Wenye chama huzunguka kufundisha familia, huwakutanisha wagonjwa, na kuwaeleza watu kwamba hili ni jambo la ubongo.

Vyama vya namna hii si vya zamani sana hata huko Ulaya. Chama cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1969 na mwanamke aitwaye Mali Jenkins, ambaye dada yake alikuwa mgonjwa. Angalieni: Uganda mtoto wa mgonjwa, Uingereza ndugu wa mgonjwa. Kazi hii mara nyingi haikungoja serikali wala hospitali. Ilianzia jikoni kwa mtu.

Watu wakikutana katika vyama hivyo hufanya nini? Huzungumza, hula pamoja, na zaidi ya yote hutumia miili yao. Hapa Hai tena imetoa mfano mzuri. Mwaka 2010 yalitangazwa mazoezi waliyofundishwa wagonjwa wa huko ambao walikuwa bado hawajaanza dawa. Walifundishwa kutembea kwa kufuata mdundo. Mdundo unalia, mguu unakwenda. Unalia tena, mguu wa pili unakwenda. Baada ya majuma machache hatua zao zilirefuka na mwendo wao ukaongezeka. Sababu yake ni hii. Mtu mzima hutembea bila kufikiri, ubongo unajiendesha wenyewe kwa ndani. Kwa mgonjwa wa Parkinson njia hiyo ya ndani imeharibika, lakini mdundo wa nje humpitisha njia nyingine.

Ninyi wavuvi mlikuwa na elimu hii kabla ya daktari yeyote. Wapiga makasia wanne katika mtumbwi mmoja huimba, na kasia zote huingia majini pamoja. Hakuna anayesema "sasa, sasa, sasa." Wimbo ndio unaosema. Basi mzee aliyegandishwa mlangoni, miguu imenata sakafuni kana kwamba imepigwa misumari, usimvute mkono, maana ataanguka. Simama kando yake, mwimbie wimbo wa kasia anaoujua, au hesabu "moja, mbili, moja, mbili," kisha aondoke na mdundo. Wengine husaidiwa kwa mistari iliyochorwa sakafuni kwa chokaa, wakiruka mmoja baada ya mwingine. Kuimba kwenyewe nako ni zoezi la sauti inayofifia na koo linalomeza kwa shida.

Marekani wameyafanya haya kwa ngoma na kwa ngumi. Tangu mwaka 2001, huko Brooklyn, kikundi cha wachezaji ngoma cha Mark Morris kimewafundisha wagonjwa wa Parkinson kucheza. Mwaka 2006, katika mji wa Indianapolis, mwanasheria mmoja mwenye ugonjwa huu, Scott Newman, alianzisha mazoezi ya ngumi kwa wagonjwa. Hawapigani wao kwa wao, hupiga gunia. Ngumi hutaka kusimama imara, kugeuka upesi na kurusha mkono mbali, mambo yale yale ambayo ugonjwa unayanyang'anya.

Na tukitaja ngumi, hatuwezi kumwacha Muhammad Ali. Wazee mnakumbuka usiku wa tarehe 30 Oktoba 1974, alipompiga George Foreman Kinshasa. Mwezi Februari 1980 Ali alifika Dar es Salaam, ametumwa na Rais Carter wa Marekani kuziomba nchi za Afrika zisiende kwenye michezo ya Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, hakukubali kuonana naye. Aliona si heshima kutumiwa bondia kwa jambo la siasa. Miaka minne baadaye, mwaka 1984, madaktari walimwambia Ali kwamba ana ugonjwa wa Parkinson. Hakujificha. Mwaka 1996 aliwasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta mbele ya dunia nzima, mkono wake wa kushoto ukitetemeka wazi wazi. Aliishi hadi tarehe 3 Juni 2016. Na Papa Yohane Paulo wa Pili, ambaye Septemba 1990 alizuru Tanzania na kufika hata Mwanza, naye alipatwa na ugonjwa huu miaka ya baadaye, akaendelea na kazi yake huku watu wakimwona anavyotetemeka. Basi nani atasema kwamba maradhi haya ni ya walevi au ya wachawi?

Pengine mtasema, "Ofisa, hayo ni ya wakubwa. Sisi tuna nini?" Mna darasa. Mwaka 1973 nchi hii ilifanya kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Kila juma watu walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio moja, wakasikiliza, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Hawakuwa madaktari. Walikuwa wanakisomo kama ninyi, na wengine wenu mlikuwa watoto mliobebwa mgongoni siku hizo. Kikundi cha kumsaidia mgonjwa wa Parkinson hakihitaji vyombo zaidi ya hivyo: watu wachache, kivuli cha mti, na siku moja ya juma inayojulikana.

Sasa niseme machache ya kutumika.

Si kila mtetemeko ni Parkinson. Mtu huweza kutetemeka kwa homa, kwa pombe, kwa ugonjwa wa tezi ya shingoni, hata kwa dawa fulani alizopewa kwa ajili ya kutapika au maradhi ya akili. Kwa hiyo nimewafundisha dalili ili mjue wa kumpeleka kwa daktari. Msije mkampa mtu jina la ugonjwa kwa kumtazama tu. Aanzie zahanati, na kutoka hapo apelekwe Musoma, na ikibidi Bugando, Mwanza.

Akipewa vidonge, saa ni jambo kubwa. Kidonge kikikutana tumboni na chakula cha kujenga mwili, yaani samaki, dagaa, nyama, maharage, vinagombania njia moja ya kuingia mwilini, na kidonge hushindwa. Kwa watu wa ziwani, ambao dagaa ni mboga ya kila siku, hili linawahusu kabisa. Ameze kidonge kama nusu saa kabla ya kula, au apewe maelezo mengine na daktari wake. Dagaa asinyimwe, anazihitaji. Na dawa isikatwe ghafula, hata siku mbili, kwa sababu tu fedha zimekwisha au mashua haikwenda. Mwili huweza kukaza mpaka ikawa hatari. Hapo ndipo jirani anapokuwa na kazi. Mtu anayekwenda Musoma kuuza samaki anaweza kurudi na dawa ya mwenzake.

Chakula apewe akiwa ameketi wima, asiharakishwe, maana chakula kikienda njia ya hewa huleta ugonjwa wa mapafu. Anywe maji ya kutosha, ale matunda na mboga za majani, kwa kuwa kufunga choo ni taabu kubwa ya wagonjwa hawa. Kikombe kijazwe nusu. Hili la kikombe mnaweza kulicheka, lakini mzee anayemwaga chai mbele ya wageni mara tatu, mara ya nne hatatoka tena nje kukaa na wageni.

Asiende ziwani peke yake. Mwanamume aliyevua miaka 40 hapendi kuambiwa hivyo, namjua wa namna hiyo, na maneno makali hayamsaidii mtu. Mpeni kazi ya mwaloni: kuhesabu ndoo, kuanika dagaa, kuwafundisha vijana fundo la nyavu. Miguu inaweza kuganda ghafula pale pale mtu anapovuka ukingo wa mashua, maji yakiwa chini yake.

Na mtunzaji je? Mara nyingi ni mke, au binti, au mkwe. Usiku anamgeuza mgonjwa kitandani, maana hawezi kujigeuza, na alfajiri anakwenda shamba. Jirani akikaa na mgonjwa mchana mmoja katika juma, huyo mwanamke atalala. Sijui dawa ya bei rahisi kuliko hiyo.

Mwalimu, sasa unaweza kuzima redio. Kazi ya darasa ni hii, iandikwe kwa mistari mitano katika daftari. Mgonjwa wa Parkinson anatoka Rukuba kwenda hospitali Musoma. Apande mashua ya saa ngapi, ameze kidonge chake wakati gani, akae sehemu gani ndani ya mashua, na nani atasimama upande wake wakati wa kushuka? Wa Rukuba waandike wanavyojua mwalo wao. Wa Bunda na Butiama, ambao njia yao ni ya gari, waandike habari za basi. Juma lijalo, saa hii hii, tutasoma majibu yenu. Kwaherini.